Yaya wa Vibanio

Saa mbili asubuhi. Yaya amesimama kwenye kamba ya kuanikia, mtoto mgongoni, anahesabu vibanio vya nguo kwenye pindo la aproni yake. Kila nepi yenye mkojo, kibanio kimoja. Viwili tayari. Anatabasamu kama aliyeshinda kesi.

Mtaani wanamwita Vibanio.

"Waache wacheke," anasema. "Mtoto wa miezi saba hasemi. Nepi yake inasema."

Amefanya kazi hii miaka kumi na mmoja akilala kwenye nyumba za watu, na huyu ni mtoto wa tisa kumlea. Ukurutu anaujua, utando mweupe mdomoni anaujua, kifua kinachobana anakijua kwa mlio. Lakini mtaa unapenda kusimulia ya mwezi uliopita.

Mtoto, kwa jina la utani Bosi, aliharisha siku mbili. Mama yake alikuwa safari ya kikazi, nyumba ikabaki chini ya bibi. Bibi akatoa amri: hayo ni meno, na asipewe maziwa ili tumbo lipumzike.

Kufika adhuhuri, pindo lilikuwa na kibanio kimoja tu. Bosi alilia bila machozi, utosi umebonyea.

"Bibi, mtoto anakauka. Nampeleka kliniki."

"Nimezaa sita mimi! Wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa, bibi. Nimehesabu."

"Ukivuka geti hilo, kazi huna!"

"Basi niwekee begi langu mlangoni. Nitalichukua nikimrudisha mtoto."

Akatoka na kandambili zake za kufulia.

Muuguzi alianza papo hapo kumnywesha maji ya dawa ya kuharisha, kijiko kwa kijiko. "Angefika jioni, tungekuwa tunaongea mengine," anasema. Na maziwa? "Apewe, tena asikatishwe!"

Begi lilikuwepo mlangoni kweli. Fundi cherehani wa jirani, ambaye hapitwi na jambo, anacheka hadi anashika mbavu: "Bibi alikuwa amelikalia! Eti amechoka kusimama akiwasubiri."

Siku hizi, Jumapili, mayaya saba hukusanyika uani kujifunza dalili za hatari. Vibanio anataka mtaa mzima ufikiwe kabla ya mwaka kwisha.

"Na nyumba yoyote nitakayoingia, nitauliza kwanza: mtoto akizidiwa, natoka bila kuomba ruhusa? Asiyetaka, atafute mwingine."

Bibi anakuja, anamchukua Bosi, anaingia naye ndani. Punde sauti yake inapasua dirisha:

"Wee! Ongeza cha tatu! Amenikojolea mimi!"