Chujio la Pampu ya Wema

Katika miaka ya hamsini nilianza kujifunza ufundi wa mitambo karibu na kijiji cha Wema, kwenye pampu ya dizeli iliyovuta maji ya Mto Tana hadi mashamba ya mpunga. Kwa miezi mingi nilikuwa nikifagia tu na kubeba madebe. Nilichotaka ni kushika spana na kufungua injini.

Asubuhi moja pampu iliacha kuvuta. Matete yalikuwa yameziba chujio kwenye mdomo wa bomba, chini ya maji, pale pale ambapo siku chache kabla mamba alikuwa amemkamata mbuzi.

"Ingia uzibue," fundi wangu akaniambia. "Ukitoka, leo hii utashika spana."

"Na mamba je, bwana fundi?"

"Mamba haivumilii harufu ya dizeli. Jipake."

Nikajipaka mwili mzima, nikashuka. Nilipapasa matopeni mpaka nikalipata chujio, nikayang'oa matete kwa vidole. Nilipopanda ukingoni ngozi ikiniwaka moto, wanawake waliokuja kungojea maji ya mashamba walikuwa wakicheka.

"Mwanangu," mmoja akasema, "mamba wa hapa ameijulia wapi dizeli?"

Fundi naye alicheka. Akazungusha hendeli, injini ikanguruma, maji yakatoka. Nikamwomba spana.

"Nikikufundisha injini," akasema, akiitia mfukoni, "majini ataingia nani?"

Mwaka ule wote, kila chujio lilipoziba, niliitwa mimi. Habari ya dizeli fundi hakuitaja tena.