Wiki Niliyoifunga Ijumaa

Redio ilitangaza asubuhi kwamba serikali yetu imejiunga na ushirikiano wa mataifa wa kujiandaa na magonjwa ya mlipuko. Nilikuwa nachemsha vifaa katika zahanati yetu, juu milimani Upare Kusini, nikacheka peke yangu. Sisi tusio na hata mtandao wa simu, mataifa yatatusikia vipi?

Kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu mwenye hatia. Taarifa ya magonjwa ya wiki hutumwa kwa simu kila Jumatatu, wiki ikishaisha. Lakini mtandao unapatikana chini tambarare tu, nami nilikuwa nashuka Ndungu kila Ijumaa kwenda gulioni. Basi nilikuwa naifunga wiki hukohuko, katikati ya magunia ya mchele, nikijaza sifuri za Jumamosi na Jumapili ambazo hazijafika. Wenzangu wa milimani nao walifanya hivyo. Tuliona tunaokoa magoti, tusishuke mlima tena Jumatatu.

Wiki chache baadaye tuliitwa semina Same. Mwezeshaji, mama mmoja mtu mzima, alituonyesha ukutani taarifa za mwaka mzima. Kwenye safu ya kuhara, zahanati yangu ilikuwa na sifuri tupu.

"Hongera, dada," akasema. "Wengine waige kwako."

Wakanipigia makofi.

Mwaka uleule jirani yangu, mama wa watoto wawili, aliharisha Jumamosi, akafariki Jumapili kabla hatujapata gari la kumshusha. Nilimtundikia dripu kwa mikono yangu mwenyewe. Taarifa ya wiki ilikuwa imeshakwenda, na kuirekebisha kungenifichua, kwa hiyo nikaiacha. Sasa nikisema, huenda nikapoteza kazi inayosomesha wanangu. Niliwaza hivyo makofi yakiendelea, nikajichukia.

Nikasimama. "Shikamoo, mama. Sifuri mojawapo hapo si ya kweli. Kuna mtu alifariki."

Nilidhani atanifokea, na nafikiri ingekuwa nafuu. Yeye alichukua kalamu tu.

"Waliomwosha marehemu walikuwa wangapi?" akauliza. "Na kuna aliyeugua baadaye?"

Nikamwambia sijui. Kati ya nyumba yao na yangu kuna mstari mmoja wa migomba, na tangu tumzike sikuwahi kuvuka kwenda kuuliza.