Fundo la Leso

Harufu ya leso mpya imenisimamisha mlangoni pa duka, hapa Ukunda.

Siku ile, nikiwa mtoto, mama alijitanda doti mpya ya leso, moja kiunoni, moja kichwani. Teksi iliyotuchukua Msambweni ilikuwa ikienda mbio mno.

"Mwanangu, punguza mwendo," alimwambia dereva.

"Kwani mama wataka tutambae?" dereva akacheka.

Kiti cha nyuma hakikuwa na mkanda. Mama akafungua leso ya kiunoni, akanizungushia pamoja na kiti, akakaza fundo.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nitakushika wewe."

Tulipoligonga lori la miwa, mlango wa upande wa mama ulifunguka, akarushwa nje. Mimi nilibaki kitini. Fundo lilikataa kufunguka, watu waliokuja kutuokoa wakalikata kwa kisu.

Leso ya kichwani walimfunikia yeye.