Seva ya Duka la Vipuri

Duka lilikuwa la vipuri vya magari, Mbagala, na mwenyewe alikuwa mzee wa Kiarabu aliyelirithi kwa baba yake. Nilikuja kuweka Linux kwenye seva yake mpya, nikamtambia kwamba mfumo huu, ule unaotumiwa na makampuni makubwa, unaweza kukaa miaka bila kuzimwa. Akasema, "Mashallah," akaendelea kupanga boliti zake.

Saa sita na nusu kazi ilikuwa imebaki kidogo, nikatoka kununua maji. Niliporudi nilikuta mzee kavaa kanzu, anafunga kufuli. Swichi kuu alishaishusha.

"Mzee, mashine ilikuwa bado haijamaliza!"

"Umeme hauachwi dukani peke yake, mwanangu. Tangu enzi za baba, tukienda Ijumaa tunazima."

Jibu nililokuwa nalo halikufaa kuambiwa mtu anayekwenda kuswali. Nikakaa barazani nikanywa maji yangu.

Aliporudi nilianza upya, tangu mwanzo kabisa. Nilipomaliza nikabandika karatasi ubavuni mwa seva, yenye maelezo ya kuizima bila kuiharibu. Juu yake niliandika kwa herufi kubwa: KILA IJUMAA.