Tanuru Lenye Wivu

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, kule Mollo, nilikuwa na hakika kwamba sitazaa maisha yangu yote. Siri hiyo niliibeba tangu mvua za kwanza hadi mavuno ya ulezi.

Nyuma ya shamba letu lilisimama ilungu, tanuru la udongo ambalo wazee wetu Wafipa waliyeyushia chuma. Lilikuwa refu kuliko baba, limebomoka upande mmoja. Bibi, mama yake baba, hakuchoka kutuonya sisi wasichana: "Ilungu ni bibi harusi, na lina wivu. Mwanamke akiingia, linamfunga tumbo." Kaka zangu waliingia na kutoka watakavyo. Mimi niliingia mara moja tu, kumfuata mwanambuzi aliyekimbia mvua, na nilipotoka nilijishika tumbo nikalia.

Ndipo siku moja mwalimu akatusimulia habari za China ya kale. Alisema wasichana wadogo walifungwa miguu kwa vitambaa hadi mifupa ikapinda, ili wawe na nyayo ndogo za kuwapendeza wakwe. Mwanamke alimtii baba, akiolewa akamtii mume, akifiwa akamtii mwanawe. Nilikimbia na habari hiyo hadi nyumbani, nikamkuta bibi anapepeta ulezi.

"Wachina hawahawa wanaotujengea barabara?" akashangaa. "Mbona wanatembea vizuri tu?"

"Wa zamani, bibi. Tena wanawake."

"Maskini! Na mama zao walikuwa wapi?"

"Mwalimu kasema mama zao ndio waliokuwa wanawafunga. Na bibi zao."

Ungo ukatulia mikononi mwake. Sijui ujasiri niliutoa wapi, lakini yote yakanitoka: "Bibi, mimi niliingia kwenye ilungu. Sitazaa."

Nilitegemea kofi. Badala yake aliweka ungo chini, akanipakata, na ukubwa wangu wote ule.

"Nilikuwa mdogo kuliko wewe," akasema. "Nilimpelekea baba yangu maji kwenye ilungu, nikachungulia, nikaingia. Nimezaa saba, mama. Baba yako ni wa nne."

"Sasa mbona unatuambia hivyo?"

Aliokota punje zilizomwagika, moja moja.

"Niliambiwa, nami nikaambia."

Nilifurahi hadi nikacheka na machozi. Hasira ilikuja baadaye, na nakiri haijaisha yote. Miezi ile yote alinilisha, alinisuka, alinifunika nikihisi baridi, kumbe woga wangu ulitoka kinywani mwake.

Nilipoolewa hapa mjini Sumbawanga, nilikaa miaka mitatu bila mimba. Mimi ni muuguzi; kila siku nawaeleza akina mama jinsi mimba inavyotunga. Hata hivyo, mwezi baada ya mwezi, nililikumbuka lile tanuru. Nilijua kabisa kwamba bibi alizaa saba, na bado nililiogopa. Naye alikuwa ameshafariki, nisingeweza kwenda kumwomba anirudie maneno yale. Nilimkumbuka sana, mikono yake na harufu yake ya moshi na ulezi.

Mtoto alikuja mwaka wa nne, wa kike. Jina la bibi nimempa. Onyo lake sijampa.