Mwanzo Walioukata

Msichana wangu aliacha kuniamini akiwa darasa la tatu. Alirudi kutoka shule, akaweka mkoba chini, akauliza bila kunitazama, "Mama, ni kweli baba aliniangushia meza akatoroka?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza tena vile ilivyokuwa, kama nilivyokuwa nikimweleza tangu aanze kuuliza.

"Lakini kwa simu haiko hivyo," akasema.

Mimi sikusoma sana, niliacha shule kabla ya kumaliza darasa la sita. Lakini hilo nililielewa bila kufundishwa: neno langu na simu vimepimwa, simu imeshinda. Kwa hivyo acha niandike. Majina ya watu sitaweka. Nitasema tu kazi zao, na kila mmoja akisoma atajiona.

Wa kwanza ni mwenye ng'ombe. Miaka hiyo mume wangu alikuwa mbebaji wa nyama kwenye kichinjio kimoja huko Dagoretti. Anatoa mapaja ndani kwa bega hadi kwa pikapu za wenye bucha, koti jeupe limekauka damu mgongoni, miguu ndani ya gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Mimi niliuza chai na mandazi nje ya geti. Nilikuwa na meza ya mbao, jiko, na sufuria kubwa iliyobaki na shikio moja. Msichana wetu, wa miaka minne, alicheza hapo chini ya meza na vifuniko vya soda. Mwenye ng'ombe alileta fahali mweusi kwa lori, na wafanyakazi wakamwambia huyu ni mkali, afungwe kamba kwanza kabla ashuke.

"Kwani ni simba?" akasema. "Fungua hiyo kitu, nina haraka."

Wakafungua.

Wa pili ni dalali wa ngozi. Huyu alikuwa na simu ya kamera, ya kwanza sisi kuona pale, na alirekodi kila kitu: mvua, kuku, wanawake wakiinama. Alimwona fahali akishuka bila kamba, na mtoto wangu akiwa pale mbele. Angeweza kupiga nduru. Yeye akatoa simu.

Mume wangu alikuwa ng'ambo ya barabara na paja la ng'ombe begani. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, napuliza makaa, hadi niliposikia mbio zake nikageuka. Alikuja mbio akainama, akamsukuma mtoto ndani kabisa chini ya meza kwa mkono ule mmoja mtupu, akaipiga meza teke imwangukie na kumfunika. Chai ikaruka juu. Halafu akamkimbilia fahali karibu usoni, akageuka, akaenda upande mwingine akipiga kelele kama mwendawazimu ili amfuate yeye. Gambuti moja ikamtoka. Paja la nyama liko tu begani. Sijui kwa nini hakuliangusha, labda bega lilikuwa limezoea kutoangusha. Akapanda magunia ya makaa, akateleza, akaanguka ndani ya mtaro wa maji ya kichinjio.

Hapo dalali akazima simu, kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka kwa kicheko. Fahali naye akaingia mtaroni. Yaliyofuata hayako kwa simu ya mtu yeyote, yako kwa macho yangu. Mume wangu alifia hospitalini, hata wiki hakumaliza.

Sasa nisikilize vile walivyofanya. Video nzima ilikuwa nzito, ukiituma kwa bluetooth simu ya pili inakataa. Dalali akaipeleka kwa fundi wa simu katikati ya mji, na fundi, huyo ndiye wa tatu, akaikata. Aliondoa mwanzo karibu wote, akabakisha kichekesho: meza inapigwa teke, mguu mdogo wenye kiatu chekundu unatokea chini yake, chai hewani, mtu anakimbia na nyama huku analia, gambuti, magunia, mtaro. Ukiangalia hiyo hata wewe utasema, tazama mwanaume mwoga, ameangushia mtoto meza ajiokoe.

Nilikutana nayo matangani kwangu. Watu walikuwa wanaimba pambio mbele, na nyuma ya turubai nikasikia vijana wanacheka, ile ya kujiziba mdomo. Wamesimama wameshikanisha simu zao kama watu wanaoombana moto wa sigara. Nilidhani ni mambo yao tu. Nikawapelekea chai. Mmoja akaficha simu haraka, mwingine akashindwa kujizuia, akatema chai.

Baada ya mazishi nilimwendea dalali. Nikamwomba ile nzima, yenye mwanzo.

"Nilifuta, mama," akasema. "Memori ilikuwa imejaa."

"Si ungefuta kuku?"

Akacheka. Alifikiri natania.

Kutoka hapo ile klipu ilianza kukua kama mtoto wa mtu. Kwanza ilitembea vile ilivyo, simu kwa simu, mpaka picha ikachujuka. Halafu ikapewa muziki, ngoma inagonga kila hatua yake. Halafu ikaja kwa wa nne, msimulizi wa ukumbi mmoja wa video, wale wanaoongea juu ya sinema za watu. Alimpa mume wangu sauti nyembamba kama ya mbuzi: "Bibi, baki na ng'ombe! Mimi nimehamia Uganda!" Mji mzima ulijua hayo maneno. Kondakta akiachwa na gari, "Nimehamia Uganda!" Mume wangu alikuwa na sauti nzito, ya kukwaruza kidogo asubuhi. Nilianza kusahau ilivyokuwa, kwa sababu kila nikijaribu kuikumbuka, mbuzi anaingia.

Iliuzwa kwa CD mjini, imechanganywa na wenzake. Nilijifunza kwamba vichekesho hivyo vina koo zao. Kuna ukoo wa wanaoanguka, bibi harusi na walevi. Kuna wanaoogopa, kuna wanaoimba vibaya, kuna watoto wanaotukana. Mume wangu aliwekwa kwa wanaokimbia, katikati ya mwizi wa kuku na mhubiri aliyefukuzwa na mbwa. Na kila aliyeigusa alikata kidogo mwanzoni ili aweke jina lake kwa herufi kubwa. Mwanzo ukazidi kwenda.

Niliondoka Dagoretti. Asubuhi nilifagia ofisi Hurlingham, na siku mbili kwa wiki nilifua nguo kwenye nyumba moja Kitisuru. Siku moja napiga deki sebuleni, watoto wa pale wako kwenye kompyuta wanajigaragaza kwa kicheko.

"Auntie, kuja uone huyu mtu! Anakimbia na nyama!"

Nilienda na kitambaa mkononi. Ilikuwa imefika kwenye intaneti, imewekewa mtangazaji wa mpira, Mzungu, anashangilia kwa lugha nisiyoijua. Chini yake namba inaonyesha walioiangalia, na ilikuwa ndefu.

"Hiyo sufuria ni yangu," nikasema.

Wakacheka zaidi. Mdogo akaanguka kutoka kwa kiti. Nikarudi kwa deki yangu. Ningewaambia nini? Sufuria ile ile ilikuwa nyumbani kwangu, shikio moja, natumia kuchemshia maji ya kuoga.

Kisha watu wakaacha kuangalia tu, wakaanza kuigiza. Huo nao ni ukoo, tena mkubwa. Wanafunzi wa chuo wanakimbia na godoro begani, makarani na mafaili, bwana harusi mmoja na bibi harusi wake. Kiatu kimoja lazima kitoke, mwisho lazima uanguke. Shuleni kwa msichana wangu walifanya saa ya mapumziko, mkoba ndio nyama. Na aliyekuwa anawarekodi, huyu ndiye wa tano, ni mwalimu. Mtoto mmoja wa kule kwetu Dagoretti ndiye aliyesema mbele ya wote, "Lakini huyo mwenye kiatu chekundu si ni huyu?" Basi wakamtaka alale chini afunikwe na dawati, mchezo ukamilike.

Hiyo ndiyo siku aliyoniuliza.

Nilimfuata mwalimu. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti.

"Mama, ni mchezo tu. Watoto hata hawajui ni nani."

"Walipomwambia alale chini, wewe ulijua?"

Akaangalia simu yake juu ya meza. "Nimeshafuta," akasema. Kila mtu hufuta. Kazi ya kukumbuka wananiachia mimi.

Msichana wangu hakunigombeza, hakulia. Aliacha tu kuuliza habari za baba yake. Picha yake ya kitambulisho, niliyokuwa nimeikuza na kuitundika, nikikuta imegeuzwa itazame ukuta naigeuza, kesho naikuta imegeuzwa tena. Mimi nilikuwa tayari kuvumilia mji wote ucheke. Lakini yeye alikuwa mmoja tu, na ndiye mtoto aliyefunikwa na ile meza.

Ndipo nikaanza kwenda saiba, zile nyumba za kulipia intaneti. Jioni nikitoka kazini Hurlingham nilikuwa napitia moja ndogo, na dada wa pale alinizoea.

"Leo tuandike nini, mathe?"

"Andika mtu anakimbia na nyama."

Zilitoka nyingi. Ya katuni. Ya mume wangu amekatwa kutoka kwa ile picha akawekwa mwezini. Ile ya sekunde tatu, gambuti inatoka, gambuti inatoka, gambuti inatoka. Niliangalia zote mwanzo tu, kutafuta ule mkono uliomsukuma mtoto. Kila moja ilianzia tekeni. Dada wa saiba hakunicheka. Aliniuliza mara moja natafuta nini, nikamwambia, na tangu siku hiyo alikuwa anatafuta hata kama sipo.

Akanipigia simu Jumamosi. "Mathe, kuna moja imewekwa na watu wa nje, inaenda kinyume. Kuja na mtoto."

Msichana hakutaka. Nilimvuta kwa mkono, njia nzima amenuna. Tukakaa kiti kimoja.

Mtu aliyeitengeneza alitaka watu wacheke tu, ndiyo maana alirudisha kila kitu nyuma. Baba yake alitoka mtaroni. Akainuka kwenye yale maji machafu akiwa mzima, akaruka juu ya magunia bila kuteleza. Akakimbia kinyumenyume na nyama yake, gambuti ikaruka kutoka chini ikamvaa mguuni. Fahali anarudi nyuma, anamwachia. Chai yote, kila tone, ikashuka kutoka hewani ikaingia ndani ya sufuria yangu. Nilishika meza ya saiba. Nilitaka iendelee hivyo hivyo mpaka jana yake.

Meza ikasimama. Zile nyingine zote zingeishia hapo. Hii haikuishia. Huyo mtu wa nje, sijui wapi, alikuwa amepata moja ya zile za kwanza ambayo haijakatwa sana, na kwa sababu anaenda kinyume, mwanzo wetu ulikuwa mwisho wake. Mume wangu akainama. Mkono wake uko mgongoni kwa mtoto mwenye kiatu chekundu, na mtoto anatoka chini ya meza.

"Ananitoa," msichana akasema.

"Hapana, mami. Imerudishwa nyuma. Anakuingiza."

Midomo yake ikawa inasogea, anaigeuza kichwani mwake, mbele, nyuma, mbele.

"Rudisha," akamwambia dada. Ikarudishwa. "Rudisha tena." Chini ya video watu walikuwa wameandika vicheko vyao, mstari juu ya mstari, na namba bado inapanda kwa sababu yetu pia.

"Simamisha hapo," akasema. "Hapo kwa mkono. Inaweza kutoka kwa karatasi?"

Ilitoka nyeusi na nyeupe, ina madoa, wino ulikuwa unaisha. Uso wa baba yake hauonekani. Ukimwonyesha mtu asiyejua ataona koti, kivuli, na kitu kama kiatu. Msichana aliibeba hadi nyumbani bila kuikunja, akaibandika mwenyewe kando ya ile picha ya kitambulisho, na akaigeuza picha itazame nje.

Bado wanacheka huko. Najua, nasikia. Mwenye ng'ombe bado ana haraka zake na dalali ana simu nyingine kubwa zaidi. Lakini kwa hiyo karatasi yetu mume wangu ameinama tu, na hakimbii.