Fundi Aliyewafumbisha Macho Wawindaji wa Mashoto

Habari niliipata kwa dereva wa pikipiki aliyekuwa akinipeleka sokoni. Alisimama kulipisha lori, akageuza shingo na kusema, "Papa wa mashoto alikufa asubuhi," kisha akaendelea na safari kana kwamba amenitajia bei ya petroli. Nilimwambia ageuze pikipiki, soko lingeningoja. Wasomaji wangu mnajua kwamba wakubwa wanapokufa mimi huweka kalamu chini, maana hao hawakosi wa kuwaandikia. Leo naandika juu ya huyo papa, yaani mzee, seremala wa hapa Bunia, ambaye kwa miaka mingi alichonga vitako vya bunduki za kuwindia, hasa za watu wanaopiga kwa kushoto, ingawa yeye mwenyewe alikuwa wa kulia kama mimi. Jina lake silitaji, wala la mtu mwingine yeyote, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Asiyewahi kushika bunduki anaweza kudhani chuma hakichagui mkono. Kinachagua sana. Zile bunduki kuukuu tulizoachiwa na Wabelgiji zina komeo upande wa kulia, na ganda la risasi hurukia huko huko. Mtu wa mashoto akiiweka begani inambidi avushe mkono kwa juu ili avute komeo, na ganda la moto linapita mbele ya pua yake. Kwa hiyo fundi alimshauri mteja wa namna hiyo aachane nayo kama ana uwezo, atafute kalibre duzi, bunduki ya marisau inayovunjika katikati, kwa kuwa hiyo haina upendeleo mkubwa. Baada ya hapo kazi ilihamia kwenye mti. Kitako cha kiwandani aliking'oa, akachukua mbao ya libuyu iliyokauka vizuri, akachonga kingine kilichopinda kidogo kuelekea upande wa pili, chenye bonde dogo la kulaza shavu la kushoto. Alikuwa mbishi, mwenye maneno machache na mikono mikubwa, na mteja aliyemharakisha alirudishiwa bunduki yake vile vile ilivyokuja.

Shida ilikuwa kumjua huyo wa mashoto ni nani. Kwetu mtoto akishika kijiko kwa mkono wa kushoto hupigwa vidole mpaka ahame, na ukimpa mtu mzima kitu kwa mkono huo umemtukana. Basi wanaume walifika pale wakiapa kwamba ni wa kulia tangu kuzaliwa, wakilalamika kuwa bunduki imerogwa, kwa sababu nguruwe wa porini wanamaliza mihogo shambani na kila risasi inapita pembeni. Fundi hakubishana nao. Aliwapaka masizi kwenye mashavu yote mawili, akahakikisha bunduki haina risasi, akawakabidhi. "Funga macho, papa," alisema. "Pandisha. Usifikiri." Mtu akifumba macho, mikono huipeleka bunduki inakotaka yenyewe, na masizi hubaki kwenye mti mahali shavu lilipogusa. Hapo ndipo patasi yake ilipoanzia. Nilimwona baba wa familia, mzee wa kanisa, akifumbua macho na kukuta bunduki iko bega la kushoto mbele ya watu. Aliona haya kama aliyefumaniwa. "Mukono balikufundisha," fundi alimwambia. "Macho hapana."

Vita vilipokuja wateja wake walitawanyika, na wengi hawakurudi. Vitako walivyoagiza vilibaki vimening'inizwa kwa kamba kwenye boriti, bila mitutu, kila kimoja na bonde lake la shavu, vingine bado na masizi ya mwenyewe. Katika miaka ile ya amani ya mashaka, tuliporudi mjini na kuanza kuulizana kwa woga nani yupo na nani hayupo, nilikuwa nikiingia pale mchana kweupe huku nywele zinanisimama. Upepo ukipita vilikuwa vinageuka polepole, vyote pamoja, na ungedhani umeingia chumba chenye watu waliokuwa wakikusema na sasa wamenyamaza. Fundi alivipaka mafuta kila Jumamosi. Siku moja nilimwuliza kwa nini asiwauzie wateja wapya. Alinitazama kama niliyemwambia avae viatu vya maiti. "Hizi ziko na benyewe," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kitako kimoja ambacho hakikuwepo pale kilikuwa cha mwindaji wa upande wa Djugu, mtu wa mashoto asiyejificha, ambaye bunduki yake ilikamilika kabla ya machafuko na akaondoka nayo. Watu wa kijiji chake walipokimbia, yeye alibaki nyuma akisema anawafuata. Mke wake alifika Bunia na watoto na sufuria, akangoja. Hakufanya matanga, kwa sababu hakukuwa na maiti wala mtu aliyeshuhudia. Mashemeji walimsumbua akubali kuwa mjane, wengine wakamsengenya kwamba anangoja mtu aliyekwisha kuoa kwingine. Yeye kila Jumapili akitoka kanisani alipitia kwa fundi na kuuliza neno moja tu: "Imefika?" Alikuwa na hesabu yake. Mume wake akiwa hai ataileta bunduki ipakwe mafuta. Akiwa amekufa, atakayeichukua ataona haimkai vizuri, atatafuta fundi wa kuigeuza, na fundi wa mashoto katika mji huu alikuwa ni huyo mmoja. Mimi niliiona hesabu hiyo kuwa ya mtu aliyechoka. Fundi alikuwa akimjibu kwa heshima zote, "Bado, mama," kisha anamletea kiti.

Nilikuwepo siku ilipofika. Mtu mmoja, ambaye sura yake siisemi, aliingia amebeba kitu kilichofungwa katika gunia, akaeleza kwamba ana karatasi ya kuwindia na anataka kitako kigeuzwe. "Miye niko wa kuume, papa. Ii inanipiga vibaya ku shavu." Fundi alifungua gunia. Alipitisha kidole gumba kwenye lile bonde, taratibu, na nikaona uso wake umebadilika. Alileta masizi, akampaka mtu yule mashavu yote mawili, akakagua kama bunduki ni tupu, akampa. "Funga macho. Pandisha."

Mtu yule alifumba macho, na bunduki ikaenda bega la kushoto. Shavu lake likalala ndani ya bonde kama mtoto aliyerudishwa kwenye mto wake. Fundi akamwambia afumbue. Alipojiona alicheka, akaihamishia kulia, akasema amesinzia. "Funga tena." Ikaenda kushoto tena. Mara hii hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo, "Haiko miye njo niliiweka pale, papa. Haiko miye." Nilitazama juu kwa sababu sikutaka kumtazama yeye. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Vitako vyote vilikuwa vimetulia kwenye kamba zake, na vyote vilikuwa vimegeukia upande wetu. Ninaweza kujieleza jambo hili: mti uliochongwa sawasawa huongoza bega, na mtu mwenye hofu hapingani nao. Nimejieleza hivyo miaka yote na sijaridhika.

Fundi aliipokea bunduki polepole, akailaza juu ya meza na kumpa kiti kile kile alichokuwa akimpa mama. Nilidhani atamwuliza anatoka wapi, ni wa watu gani, alikuwa upande upi. Hayo ndiyo maswali tuliyokuwa tukiulizana mji mzima, hata kwa macho tu. Yeye aliuliza, "Ulitosha ku mukono gani?" yaani aliitoa bunduki katika mkono upi wa mwenyewe.

Mtu yule aliitazama mikono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. "Ya kushoto," alisema. Kisha, bila kuulizwa zaidi, akaeleza mahali: njia ya Kpandroma, pale inaposhuka kwenye mto, chini ya jiwe kubwa jeupe. "Nilimufunika na mawe. Imbwa zilikuwa mingi." Nilifungua kinywa nimwulize kama alimkuta amekwisha kufa au la. Fundi aliniwekea mkono gotini, mzito, na nikafunga kinywa. Mtu yule akaondoka, bunduki akaiacha, na masizi hakuyafuta. Alivuka barabara hivyo hivyo, mashavu meusi, watu wakimpisha.

Mama alienda mahali pale pamoja na watu wa kanisa, na walimkuta. Mtutu fundi aliupeleka serikalini, kitako akakiweka katika jeneza alilolitengeneza mwenyewe, matanga yakafanywa, na mama akalia kilio alichokuwa amekibania kwa miaka. Baada ya mazishi mashemeji walimfuata fundi wakiwa na hasira mbichi. Walitaka kujua aliyeileta bunduki ni mtu wa namna gani, mrefu au mfupi, anaongea vipi. Walimtishia, wakamwita msaliti, na kuna aliyemrushia jiwe juu ya bati. Aliwajibu jibu moja mpaka wakachoka: "Alikuwa amefunga macho." Lilikuwa kweli, na halikuwasaidia chochote. Nilikasirika naye pia wakati huo. Niliona kama anamficha mwovu. Tulikuwa na mikutano ya upatanisho kila wiki, yenye viti vya plastiki na hotuba ndefu za Kifaransa, na mimi niliandika humu humu kwamba ukweli wote lazima usemwe. Sikuwa nimefikiria unasemwa kwa nani, na huyo atafanya nao nini kesho yake asubuhi.

Sasa fundi amekufa, na anayeujua uso wa aliyeileta bunduki nimebaki mimi peke yangu. Nililijua hilo nilipoingia katika parsela yake, yaani kiwanja cha nyumbani kwake, kwenye matanga. Watu walikuwa wengi: wawindaji, wauza mbao, wakimbizi wa Djugu, watu wa Irumu, na wengine ambao zamani wasingekaa uwanja mmoja. Yule mama, mjane wa mwindaji, alikuwa akigawa chai. Alipomaliza upande wa wanaume alikuja akaketi karibu nami, birika bado mkononi, mashemeji zake wakiwa wanapanga viti nyuma yetu.

"Weye ulikuwaka pale," alisema.

"Nilikuwa, mama."

"Ulimuona."

"Nilimuona."

Alijimiminia chai, akanywa. Nikajilazimisha kutazama miguu yangu, kwa kuwa niliogopa macho yangu yatakwenda mahali na yeye atayafuata.

"Ule mutu iko hapa?"

Sikumjibu, wala ninyi siwajibu. Akaniwekea mkono gotini, mahali ambapo fundi aliwahi kuniwekea wake.

"Usijibu," alisema. "Nilitaka tu kujua kama unaweza kunyamaza. Kama siku moja utamuona, umwambie ile mawe alipanga muzuri. Hata mufupa moja haikupotea." Kisha akainuka na kuendelea kugawa chai, kiti kwa kiti, bila kumruka mtu hata mmoja.

Nilichojifunza kwa seremala yule ni hiki: kuna swali linalomsaidia anayengoja, na kuna swali linalomlisha mwenye hasira, na mtu mzima anatakiwa kuyatofautisha kabla hajafungua kinywa. Sijui kama wewe uliyeyapanga mawe yale unasoma gazeti. Lakini Bunia tunasomeana, na ujumbe wa mama nimekwisha kuufikisha.